Tundu ni umbo, kiwango ni lugha: nilivyopotezwa na ‘na’ dukani

WIKI tatu zilizopita niliketi mbele ya kiwambo cheusi kwa saa mbili nzima. Kiwambo chenyewe, cha inchi 24, nilikuwa nimekinunua mtumba ili kuyapunguzia macho yangu kazi. Nilikuwa na tasnifu ya uzamifu ya kurasa 380 ya kutahini, na macho ya mtu wa umri wangu hayataki tena kusoma maandishi madogo kwenye kipakatalishi. Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano usiku. Kila nilipochomeka kebo, kiwambo kiliniandikia kwa Kiingereza kwamba hakipati ishara yoyote, kisha kikalala.

Nitasimulia kosa langu bila kulipamba, kwa sababu ndani yake mna somo la teknolojia na somo la lugha, na masomo hayo mawili yameshikana mikono.

Kipakatalishi changu kina tundu la HDMI la kutolea picha. Kiwambo kilikuwa na matundu matatu: VGA, DVI na DisplayPort. Kwa ujuaji wa mtu aliyesoma, nilichagua lile lililoonekana jipya kuliko yote, yaani DisplayPort. Nikashuka hadi barabara ya Luthuli jijini Nairobi, nikamwambia kijana mmoja dukani, “Nataka kebo ya HDMI na DisplayPort.” Akanipa. Ncha moja ilikuwa ya HDMI, ya pili ya DisplayPort. Nikalipa shilingi 850, nikaenda zangu. Nyumbani, kila ncha iliingia sawasawa kwenye tundu lake. Picha haikuja.

Alhamisi asubuhi nilirudi dukani nimekunja uso.

“Kijana, umeniuzia kitu kibovu.”

Aliipokea ile kebo, akaigeuza, akaichomeka kwenye mashine zake mbili pale mezani. Picha ikatokea.

“Mzee wangu, hii si mbovu,” akaniambia kwa upole. “Hii inatoka DisplayPort inaingia HDMI. Wewe kumbe ulitaka ya kutoka HDMI iingie DisplayPort. Si kitu kimoja.”

“Lakini ncha si ni zilezile?”

“Ncha ni zilezile. Njia ndiyo si ileile.”

Nimefundisha sarufi kwa miaka mingi, na sikumbuki kusahihishwa kwa sentensi fupi kama hiyo. Kosa lilikuwa langu, tena lilikuwa kosa la lugha. Kiunganishi ‘na’ hakina mwelekeo. Ukisema ‘Juma na Asha’ au ‘Asha na Juma’, watu ni walewale wawili. Lakini picha ina mwelekeo: inatoka kwenye tarakilishi na kuingia kwenye kiwambo. Nilipotamka ‘HDMI na DisplayPort’ nilimnyima muuzaji habari moja aliyoihitaji, naye akanipa kebo wanayotaka wateja wake wengi. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili inaweza kuwa ya kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, au kinyume chake. Mwanafunzi akinunua isiyomfaa, hatasema kwamba mchapishaji amemlaghai.

Maneno manne tunayoyachanganya

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza namna sisi Wakenya tunavyozungumza kuhusu vifaa hivi. Neno HDMI tumelifanya kama tulivyofanya Colgate na Kiwi. Tunasema ‘nipe HDMI’ tukimaanisha waya. Tunasema ‘HDMI yangu imelegea’ tukimaanisha tundu. Tunasema ‘runinga hii ni ya HDMI’ tukimaanisha namna inavyopokea picha. Jina moja linabeba mizigo mitatu, na wa nne uko njiani.

Kwa hivyo napendekeza tutenganishe maneno manne, na yote tayari tunayo.

La kwanza ni tundu: umbo la mahali pa kuchomeka, lionekanalo kwa macho. La pili ni kebo: kile kinachounganisha tundu na tundu. La tatu ni kiwango: makubaliano ya watengenezaji kuhusu namna picha inavyogeuzwa kuwa umeme, inavyosafirishwa na inavyofasiriwa upande wa pili. La nne ni toleo: hatua ambayo makubaliano hayo yamefikia, kama vile toleo la pili la kitabu.

Kuna atakayeuliza iwapo ‘kiwango’ ndilo neno faafu, maana tunalitumia pia kwa kima na daraja. Jirani zetu wana Shirika la Viwango Tanzania, na hakuna anayedhani shirika hilo linapima kina cha maji. Muktadha unatosha. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kutafsiri mwongozo wa kifaa akaandika ‘bandari ya picha’ pale palipohitaji ‘tundu la picha’. Tulicheka darasani, tukamuuliza kama meli zitatia nanga Kilindini au mezani kwake. Lakini hakuwa mjinga. Neno la Kiingereza lina maana zaidi ya moja, naye alichukua ile aliyoikuta mwanzo kwenye kamusi.

Sisi watu wa lugha hatupaswi kushangazwa na wazo la kiwango. Kiswahili Sanifu chenyewe ni kiwango. Mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ikaanza kuratibu tahajia na msamiati. Kiwango hakianguki kutoka mbinguni. Watu huketi, huvutana, hupatana. Kuna anayefaidi na kuna anayeachwa nyuma. Viwango vya kuunganisha viwambo vilizaliwa vivyo hivyo.

Kutoka VGA hadi DisplayPort

VGA ndiyo kongwe miongoni mwa vile utakavyovikuta madukani. Kampuni ya IBM iliileta mwaka wa 1987 pamoja na tarakilishi zake za PS/2. Tundu lake lina mashimo 15 katika safu tatu, aghalabu ni la rangi ya buluu, na kebo yake hukazwa kwa skrubu mbili. VGA hubeba picha kwa mfumo wa analogi: nguvu ya umeme hupanda na kushuka kulingana na mwangaza wa rangi nyekundu, kijani na buluu. Sauti haibebi kamwe.

Kwa viwambo vizito vya zamani, vile vyenye mgongo mkubwa, mpango huo ulikuwa wa busara kwani vyenyewe vilifanya kazi kwa analogi. Tatizo lilikuja na viwambo bapa. Tarakilishi huhifadhi picha kwa tarakimu. Ikitumia VGA, hugeuza tarakimu hizo kuwa analogi ili zisafiri, na kiwambo bapa nacho huzigeuza tena kuwa tarakimu. Ni kama kutafsiri shairi la Kiswahili kwa Kifaransa, kisha kumpa mtu mwingine alirudishe kwa Kiswahili. Ujumbe utafika, lakini makali ya herufi yatakuwa yamefifia, hasa kebo ikiwa ndefu au duni.

Mnamo Desemba 2010, kampuni za AMD, Dell, Intel, Lenovo, Samsung na LG zilitangaza kwamba zingeharakisha kuachana na VGA. Hata hivyo, kumbi nyingi za mihadhara bado zina projekta zenye tundu hilo la buluu. Lugha haifi siku wakubwa wanapotangaza kifo chake.

DVI ilitolewa mwaka wa 1999 na kundi la kampuni zilizojumuisha Intel, IBM, Compaq na Hewlett-Packard. Hapo ndipo picha ilipoanza kusafiri kwa tarakimu kutoka mwanzo hadi mwisho, bila tafsiri ya katikati. Tundu lake ni pana na jeupe aghalabu, nalo pia lina skrubu. DVI ya njia moja huweza kubeba picha ya nukta 1920 kwa 1200, mara 60 kwa sekunde. Ya njia mbili hufika nukta 2560 kwa 1600. Kuna baadhi ya matundu ya DVI yaliyobakiza pini za analogi ili kuwahudumia wenye VGA, na mengine hayana.

HDMI ilifuata mnamo Desemba 2002. Waasisi wake walikuwa kampuni saba, zikiwemo Sony, Philips, Toshiba na Hitachi. Ukiyatazama majina hayo utatambua kwamba ni watu wa runinga zaidi kuliko watu wa tarakilishi. Ndiyo sababu HDMI ilibeba picha na sauti katika kebo moja nyembamba isiyohitaji skrubu, na ndiyo sababu runinga ya sebuleni kwako ina matundu mawili au matatu ya aina hiyo.

DisplayPort ilitolewa mwaka wa 2006 na VESA, jumuiya ya watengenezaji wa vifaa vya picha. Hii ilitoka kwa watu wa tarakilishi. Tundu lake lina pini 20 na pembe moja iliyokatwa, ilhali HDMI ina pini 19 na hukonda pande zote mbili kuelekea chini. Tofauti kubwa zaidi haionekani kwa macho. DVI na HDMI hutuma rangi za picha kama mkondo wa maji usiokatika. DisplayPort hufunga habari katika vifurushi vidogo vidogo, kama inavyofanya intaneti. Kwa sababu hiyo, tangu toleo la 1.2, tundu moja la DisplayPort linaweza kulisha viwambo kadhaa vilivyounganishwa kwa mfuatano, mradi viwambo vyenyewe viruhusu.

Lahaja na lugha ngeni

Sasa turudi kwa kebo yangu ya shilingi 850. Kwa nini ilifanya kazi upande mmoja ikakataa upande wa pili?

DVI na HDMI ni kama Kimvita na Kiamu. Ni lahaja za lugha moja. HDMI ilijengwa juu ya njia ileile ya kutuma picha iliyotumiwa na DVI, kisha ikaongezewa sauti na mambo mengine. Mvita na Mwamu wakikutana, hawahitaji mkalimani.

DisplayPort ni lugha nyingine kabisa. Hata hivyo, waundaji wake walijua kwamba dunia tayari ilikuwa imejaa HDMI. Basi matundu mengi ya DisplayPort yaliyo kwenye tarakilishi yalifunzwa lugha mbili. Tundu kama hilo likihisi kwamba limechomekwa adapta ya HDMI, huacha lugha yake na kuzungumza ya mgeni. Hapo adapta haina kazi kubwa. Hurekebisha tu nguvu ya umeme. Ndiyo maana huwa ya bei nafuu.

Lakini HDMI haikufunzwa DisplayPort. Mfikirie Mmeru anayejua Kiswahili vyema na Mswahili wa Lamu asiyejua neno hata moja la Kimeru. Mmeru akiwa msemaji, atazungumza Kiswahili na mambo yatakwenda. Msemaji akiwa yule wa Lamu, na msikilizaji awe bibi wa kule milimani anayejua Kimeru peke yake, hapo lazima atafutwe mkalimani. Mkalimani wa HDMI kuingia DisplayPort ni adapta yenye kifaa cha kielektroniki ndani yake cha kufasiri, na aghalabu huwa na kijiwaya cha USB cha kuvutia umeme. Huwa ghali zaidi. Hiyo ndiyo niliyoihitaji nisijue kuiomba.

Msemaji hapa ni tarakilishi, na msikilizaji ni kiwambo. Kumbuka hilo, utaokoa pesa.

Naye kijana wa Luthuli hakuniuzia hiyo ya ghali. Aliniuliza swali ambalo mimi sikujiuliza.

“Hiyo skrini yako iko na nini kingine nyuma?”

“VGA na DVI.”

“DVI iko, na unahangaika?”

Akafungua droo, akatoa kebo ya HDMI kuingia DVI. Shilingi 400. Ile ya kwanza akaipokea, akanirudishia tofauti. Ningekuwa darasani ningemsahihisha hiyo ‘iko na’, nimwambie aseme ‘ina’. Siku hiyo nilinyamaza. Yeye ndiye aliyekuwa sanifu, mimi ndiye niliyeboronga. Saa sita mchana kiwambo kilikuwa kinawaka, herufi za tasnifu zikiwa kubwa na nyeusi ti. Lahaja mbili zilikuwa zimeelewana bila mkalimani.

Jambo moja zaidi kuhusu mkutano huo wa tarakilishi na kiwambo. Kabla ya picha kupita, kiwambo hujitambulisha: hueleza kina nukta ngapi, kinaweza kuonyesha picha mara ngapi kwa sekunde, na iwapo kinapokea sauti. Tarakilishi husikiliza utambulisho huo na kujirekebisha. Ni hodi na karibu. Kipakatalishi changu kilipoambiwa kwamba mgeni wake ni DVI, kilianza kuzungumza kwa lahaja ya DVI pasipo mimi kubonyeza chochote. Sauti ilibaki kutoka kwenye kipakatalishi chenyewe, wala haikunisumbua kwa sababu kiwambo hicho hakina spika.

Toleo nalo lina neno

Msomaji anaweza kudhani kwamba akishajua kiwango, amemaliza. La hasha. Hapa ndipo neno la nne, toleo, linapodai nafasi yake.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kiwambo cha nukta 1920 kwa 1080 kina jumla ya nukta 2,073,600. Kila nukta huhitaji biti 24 ili kueleza rangi yake. Picha ikionyeshwa upya mara 60 kwa sekunde, tunapata biti zinazokaribia bilioni 3 kila sekunde. Sasa chukua kiwambo kinachoitwa 4K, cha nukta 3840 kwa 2160. Nukta zake ni mara nne ya zile za kwanza. Hesabu inaruka hadi biti zinazokaribia bilioni 12 kwa sekunde, kabla hata ya kuongeza nafasi zinazoachwa kati ya picha na picha.

HDMI toleo la 1.4, lililotolewa mwaka wa 2009, hubeba jumla ya biti bilioni 10.2 kwa sekunde. Tena katika kila biti 10 zinazosafiri, 8 tu ndizo za mzigo. Mbili ni gharama ya safari. Picha ya 4K mara 60 haitoshei humo kwa rangi kamili. Hivyo tarakilishi hupunguza mwendo hadi mara 30 kwa sekunde. Video utaitazama bila kuona kasoro kubwa, ila kishale cha kipanya kitakuwa kizito, kana kwamba kinavutwa kwenye uji.

Toleo la 2.0 la mwaka wa 2013 lilifikisha biti bilioni 18, na hapo 4K mara 60 ikapita. Toleo la 2.1 la mwaka wa 2017 likafika bilioni 48. Kwa upande wa DisplayPort, toleo la 1.2 hubeba bilioni 21.6, la 1.4 bilioni 32.4, na toleo la 2.0 la mwaka wa 2019 hufika hadi bilioni 80.

Umbo la tundu, hata hivyo, halikubadilika. Tundu la HDMI la mwaka wa 2009 na la miaka ya karibuni yanafanana kama reale kwa ya pili. Anayenunua kiwambo kwa kutazama matundu tu ni kama anayenunua kamusi kwa kutazama jalada. Aidha, katika HDMI 2.1 vipengele vingi si vya lazima. Sanduku linaweza kuandikwa 2.1 ilhali kifaa kilichomo hakifiki popote karibu na bilioni 48. Usiulize nambari ya toleo peke yake. Uliza: kitaonyesha nukta ngapi, mara ngapi kwa sekunde?

Kebo nazo haziainishwi kwa nambari za matoleo, ijapokuwa wauzaji wengi husema hivyo. Huainishwa kwa madaraja. Ile iliyopimwa kubeba biti bilioni 48, kwa mfano, huandikwa Ultra High Speed kwenye sanduku. Na ikiwa kiwambo chako ni cha kawaida cha 1920 kwa 1080, usikubali kuuziwa hiyo ya bei ya juu kwa ahadi ya picha maridadi zaidi. Picha ya tarakimu ikifika salama, imefika. Kebo ya ghali haitaipaka poda.

Tundu lililotuchanganya sote

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi, maana ndilo linalothibitisha hoja yangu kuliko yote. Tundu la USB-C lilitangazwa mwaka wa 2014. Ni dogo, la duara lililobapa, lina pini 24, na ncha yake huingia juu au chini bila kujali. Simu nyingi mpya zinalo. Vipakatalishi vipya navyo vinalo, vingine bila tundu jingine lolote.

Watu wengi hudhani USB-C ni kiwango kingine cha picha, mshindani wa HDMI na DisplayPort. Sivyo. USB-C ni umbo. Ndani ya umbo hilo mnaweza kupita umeme wa kuchaji, mafaili, au picha, na picha hiyo ikipita aghalabu huwa inazungumza DisplayPort. Kampuni ya Intel nayo ilipitisha Thunderbolt 3 mwaka wa 2015 katika tundu lilo hilo. Kabla ya hapo, Thunderbolt ya kwanza ya mwaka wa 2011 ilitumia umbo la DisplayPort ndogo. Kiwango kimoja kilihama nyumba, na nyumba moja ikapangisha viwango vingi.

Kipakatalishi changu kina tundu la USB-C pia. Usiku ule wa Jumatano nilijaribu kulitumia kwa adapta niliyoazimwa na jirani. Sikupata kitu, kwa sababu la kwangu hupitisha mafaili na umeme tu. La jirani hupitisha picha. Ukiyaweka pamoja hutayatofautisha, isipokuwa pengine kwa alama ndogo iliyochorwa kando, na hata alama hiyo si watengenezaji wote huiweka. Mwongozo wa kifaa ndio wa kuaminika. Kebo nayo ni mtego mwingine: nyingi tunazochajia simu, hata zikiwa na ncha za USB-C pande zote mbili, hazina nyaya za ndani za kubeba picha.

Hapa ndipo umbo na maana vinapoachana waziwazi. Katika isimu tunafundisha kwamba neno ‘kaa’ ni umbo moja lenye maana tofauti: kuna kaa la moto, kuna kaa wa pwani, kuna kitenzi cha kuketi. Hakuna anayeungua kwa kuketi, kwa kuwa tunasoma muktadha. USB-C ni ‘kaa’ ya wahandisi. Bahati mbaya, walituachia umbo bila kutupa muktadha.

Tuagize kwa Kiswahili kilichonyooka

Kuna wasomi wanaoamini kwamba Kiswahili kitaimudu teknolojia siku tutakapounda istilahi ndefu kwa kila kifaa. Siungi mkono hoja hiyo yote. Tarakilishi, kipakatalishi na kiwambo ni maneno mazuri na nimeyatumia humu kwa furaha. Kiwambo hasa nakipenda kwa kuwa kimetokana na kitenzi ‘wamba’, kile cha kuvuta ngozi juu ya ngoma. Lakini si ukosefu wa istilahi ulionitia hasara. Nilikuwa na istilahi zote. Nilichokosa ni usahihi wa kusema kitu kinatoka wapi na kinaingia wapi, jambo ambalo Kiswahili kimekuwa nalo tangu hapo.

Kwa hivyo ukienda dukani, usiseme ‘nipe HDMI’. Sema hivi: “Natoka kwenye kipakatalishi chenye tundu la HDMI, naingia kwenye kiwambo chenye tundu la DVI. Nataka nukta 1920 kwa 1200, mara 60 kwa sekunde.” Ikiwa tundu lako ni USB-C, anza kwa kuhakikisha kwamba linapitisha picha. Ikiwa una hiari ya kuchagua, VGA iwe ya mwisho. DVI inatosha kwa kazi za kawaida za ofisi. HDMI ni salama ukitaka sauti au ukitumia runinga. DisplayPort inafaa zaidi kwa kiwambo kikubwa cha tarakilishi chenye mwendo wa kasi, au ukitaka viwambo zaidi ya kimoja.

Ripoti ya tasnifu niliiwasilisha Ijumaa saa kumi jioni. Mtahiniwa alipita, akatakiwa kufanya masahihisho madogo. Moja ya masahihisho hayo ilikuwa ukurasa wa 212, alipoandika ‘uhusiano wa lahaja A na lahaja B’ huku data yake ikionyesha kwamba wasemaji wa A huwaelewa wa B, ila wa B hawawaelewi wa A. Pambizoni nilimwandikia, “Eleza mwelekeo.” Nadhani wiki moja nyuma lingenipita.